UZI: Jarida la muziki wa elektroniki la Nairobi, kabla tuchapishe hata ukurasa mmoja nataka tujue msomaji ni nani

kinanda_usiku (mwenye uzi)

Wasee wa muziki niaje, huu uzi ni mrefu kiasi so shikeni chai. Tuko kundi dogo, wawili wanaandika, mmoja ni wa picha, mwingine anapanga kurasa, na kitambo tumekuwa tukiongea kuhusu jarida la muziki wa elektroniki unaotengenezwa hapa kwetu. Kila mtu ako na toleo lake la kwanza kichwani. Wa picha anaona kurasa mbili mbili za usiku na mataa, mimi naona mahojiano marefu, mwingine anataka mambo ya vifaa tu. Kabla tumwage pesa kwa printa nataka tuulize watu wa nje ya kundi letu, na tuulize vizuri, juu utafiti mbaya ni afadhali usifanye.

Muziki wenyewe uko, hiyo hakuna ubishi. Just a Band walikuwa wanachezea mambo ya elektroniki hapa Nairobi kabla wengi wetu tujue kuna kitu kinaitwa hivyo. Slikback alianza kutoa kazi 2018 na Hakuna Kulala, lebo ya Kampala. Duma walitoa albamu yao 2020 na Nyege Nyege Tapes, hao wa Kampala pia. KMRU mwaka huo huo akatoa albamu na Editions Mego ya Vienna. Coco Em akatoa EP yake 2022 na InFiné ya Ufaransa. Sasa jaribu kusoma habari za hawa watu kwa urefu. Utapata Kiingereza, na mara nyingi mwandishi ako London ama Berlin na lazima kwanza amweleze msomaji wake Nairobi ni mji wa aina gani. Mtu wa Dandora hahitaji kuelezwa Nairobi. Anahitaji kitu kingine, na hicho kitu ndio nataka tukitafute pamoja hapa.

Nimeangalia venye majarida mengine yalianza. Mixmag ilianza Uingereza 1983 kama karatasi za ma-DJ wa Disco Mix Club, hawakuwa wanaandikia dunia nzima, walikuwa wanaandikia mtu mwenye kazi moja, huyo anayetaka kujua Ijumaa atacheza nini. Resident Advisor ilianza Sydney 2001 na mambo ya mji wao, kupanuka kulikuja baadaye. Kila moja ilianza na shida ya mtu fulani. Na kufa pia yanakufa: De:Bug ya Ujerumani ilianza 1997 ikafungwa 2014, Groove ilianza 1989 na 2018 ikaacha kutoka kwa karatasi, na hao wako kwa nchi yenye klabu kila kona na kampuni za vifaa za kulipia matangazo. Sisi hatuna hiyo sapoti. So swali langu ni, hapa Nairobi nani ako na shida ambayo jarida linaeza kumaliza?

Nimeandika maswali ya kuanzia. Unapenda muziki wa elektroniki? Ungependa kusoma jarida lake? Ungelipa ngapi? Unataka karatasi ama simu? Semeni ukweli, hata kama ni kurarua.

hojaji_mtaani

Boss mimi hii ndio kazi yangu, nazunguka mitaa na maswali ya watu wa soko, so wacha niseme wazi. Hayo maswali manne yote toa.

Swali la "ungependa" halina kazi Kenya hii. Mtu umemsimamisha kwa heshima, umemsalimia vizuri, uko na karatasi mkononi na unakaa una ndoto yako, unadhani atakuambia hapana? Atasema ndio, ndio kabisa, mia mbili ni sawa, ata mia tatu, alafu akimaliza hapo hutamuona tena. Si uongo, ni adabu. Tumelelewa hivyo, kumkatisha mtu tamaa usoni ni vigumu. Ukienda kwa printa na hizo ndio utajikuta na maboksi chini ya kitanda.

Uliza kitu amefanya tayari. Mara ya mwisho ulilipia kitu cha kusoma ilikuwa nini, uliipata wapi, ulilipa aje. Mara ya mwisho ulisikia ngoma ukaitaka, ulifanya nini kuipata. Mara ya mwisho ulimtumia rafiki kitu cha muziki kwa WhatsApp, ilikuwa video, sauti ama maandishi. Hapo mtu hawezi kukupendeza, lazima akumbuke, na ukiona anakwama kukumbuka hilo nalo ni jibu, inamaanisha hajafanya kwa muda.

Na bei usiulize mdomo. Chapisha nakala kidogo za majaribio, weka kwa meza, bandika bei, alafu kaa mbali uangalie nani anatoa simu analipa kwa Till, ile namba ya kulipia kwa simu. Bei ni mtu kutoa pesa, hizo zingine ni stori.

bezi_ya_58

Hapo umesema ukweli mkubwa lakini wacha niongeze hii, mnaenda kuwauliza wapi? Juu najua mtakachofanya, mtaenda Westlands Jumamosi usiku, mtauliza watu wa foleni ya klabu, na mtapata majibu ya Westlands.

Mimi ni wa Buruburu, natumia 58, matatu za laini yetu, tangu nikiwa shule. Mtaani kwetu wanaoenda klabu kila wiki ni wachache, pesa yenyewe itoke wapi, lakini karibu kila mtu anakula bezi mara mbili kwa siku, asubuhi akienda kazi na jioni akirudi. Juzi jioni nilikuwa safu ya mwisho ya nganya moja mpya, matatu ya kupambwa na muziki mkubwa, ile safu iko juu ya sabufa kabisa, unasikia ngoma kwa mgongo kabla ifike masikio. Donda, yaani kondakta, akachomoa flashi akaweka ingine. Ikaingia kitu haina maneno, ngoma nzito na juu yake kitu kama kayamba imekatwakatwa vipande vipande, gari yote ikanyamaza. Kulikuwa na msichana mbele yangu bado ako na sare ya supamaketi, akageuka akamuuliza donda, hiyo ni ya nani? Donda akaangalia skrini, imeandikwa Mix 07. Basi, hiyo tu. Jamaa wa dirishani akatoa simu akajaribu Shazam, app ya kutambua ngoma, ikakataa, juu DJ ameongeza kasi na anaongea juu ya ngoma. Tukashuka hakuna mtu anajua. Yule msichana alikuwa ameudhika kabisa.

Huyo ndio msomaji wenu. Yule wa foleni ya klabu ako na Instagram ya klabu inamwambia kila kitu. Huyu wa 58 hana mtu wa kumwambia hata jina la ngoma, na ako na dakika arobaini za jam kila jioni za kusoma.

kinanda_usiku (mwenye uzi)

Nimesoma hiyo mara kadhaa na nimetumia wenzangu. Hii inabadilisha vitu viwili.

Ya kwanza ni njia ya kuuliza. Nikimuuliza huyo dada kama anapenda muziki wa elektroniki anaeza sema hapana, juu anafikiria ni kitu ya watu fulani, na masaa mawili yaliyopita alikuwa anaulizia ngoma ya elektroniki kwa matatu. So hilo jina halitaingia kwa maswali. Tutabeba simu na hedifoni, vipande vya ngoma vya sekunde thelathini hivi, mitindo tofauti: singeli ya Dar, gqom ya Durban, amapiano, hausi ya Chicago, kitu cha Slikback, kitu cha KMRU cha taratibu. Mtu anasikiza, alafu tunamuuliza, sauti kama hii umewahi kuisikia wapi? Ulikuwa na nani? Hapo tutajua ramani ya mahali muziki unapita, na jarida litafuata hiyo ramani.

Ya pili ni mahali. Nairobi ni watu milioni 4.4 kwa sensa ya 2019, hatuwezi kuwauliza wote na hatutajaribu, lakini tunaeza kukataa kuuliza sampuli ya mtaa mmoja. Nafikiria tugawanye kulingana na mtu anafanya nini na muziki: wanaoutengeneza, wanaoucheza, wanaousikiza kwa starehe, wanaousikiza bila kuchagua kama kwa matatu na kinyozi, na wale wanauza spika na amplifaya Luthuli Avenue. Hao wa mwisho watu huwasahau. Muuzaji wa spika anajaribisha spika siku nzima, anajua mteja wa bezi ni nani, anatoka mtaa gani, ako na bajeti gani. Na kuna siku yeye ndiye atalipia tangazo.

mzee_wa_rumba

Vijana hamjambo. Mimi ni mtu wa rumba na benga lakini hapa huwa nasoma. Niulize bila ubaya, hii muziki ya kompyuta si ni mambo ya wazungu? Mtatumia nguvu zote hizi kwa kitu si chetu?

Lakini kuhusu kuuza muziki niwape moja. Miaka ya sabini na themanini River Road ndiko santuri zilikuwa zinauzwa, na maduka yalikuwa yanatoa spika mlangoni. Ulikuwa unasimama barabarani unasikiza, ikikuingia unaingia ndani unanunua. Mwenye duka hakuwa anauliza mtu unapenda nini. Alikuwa anaangalia nani amesimama.

kinanda_usiku (mwenye uzi)

Shikamoo mzee wangu, na asante sana, hiyo ya kuangalia nani amesimama nimeiandika kwa daftari.

Kuhusu wazungu nitakujibu kwa heshima lakini kwa moyo wote, juu hili swali litaulizwa kila siku. Hausi imepata jina lake kwa klabu ya Chicago iliyoitwa Warehouse, Frankie Knuckles alianza kucheza hapo 1977, na waliokuwa wanajaa pale wengi walikuwa Weusi na Walatino. Tekno ni vijana Weusi wa Detroit, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walisoma shule moja Belleville. Ngoma mashine kama Roland TR-808 ilitoka Japani 1980, haikupendwa sana mwanzoni, ikashuka bei, ndio vijana wasio na pesa wakaiokota na kuifanyia maajabu. William Onyeabor alikuwa anatoa rekodi za sinthesaiza zake Nigeria kuanzia 1977. Durban wakatengeneza gqom kwa kompyuta za nyumbani. Dar wakachukua singeli wakaipeleka zaidi ya mipigo 200 kwa dakika, na ilianzia kwa vigodoro, zile sherehe za mtaani. Na KMRU, mzee, jina lake ni Joseph Kamaru, ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru wako wa benga. Hii ni yetu. Imekuwa yetu kitambo, ila imekosa kuandikwa na sisi, na ndio maana nataka hili jarida.

mzee_wa_rumba

Mjukuu wa Kamaru! Hiyo sikujua. Basi mkichapisha niwekeeni nakala, na andikeni hiyo habari ya babu na mjukuu vizuri, sisi wazee tutanunua kwa sababu ya hiyo peke yake.

fundi_wa_githu

Mimi natengeneza biti, Githurai, laptopi ya zamani na FL Studio, programu ya kutengeneza ngoma, hedifoni imefungwa na gundi upande mmoja. Nitasema kile wasee kama mimi tunataka na si mahojiano marefu, samahani mwenye uzi.

Tunataka kujua vitu vinafanywa aje. Venye unafanya bezi isikike kwa spika ya simu juu ndio wengi wanasikiza hapo. Venye unapanga ngoma ndio ikiingia nganya isipasue. Stima ikienda katikati ya kazi unafanya nini. Unasajili ngoma yako wapi, mtu akiitumia unalipwa aje, lebo ya nje ikikuandikia barua pepe usome nini kabla usaini. Hapa nina uchungu, kuna lebo moja ilichukua kazi ya rafiki yangu na karatasi ya kurasa nyingi za Kiingereza, akasaini, na mpaka leo hajui haki zake ziko wapi. Mngeandika ukurasa mmoja tu wa Kiswahili cha kawaida kuhusu mkataba, mimi ningeukata nibandike ukutani.

Na video ziko YouTube najua, lakini bando inaisha. Karatasi haili bando.

wanjiru_hapana_simu

Wacha niingilie na mambo mawili ambayo naona hakuna mwanaume ametaja.

Ya kwanza, wasichana. Mkienda na wanaume watatu usiku kwa foleni mkianza kuuliza wasichana wanaishi wapi na wanarudi nyumbani saa ngapi, tutawadanganya ama tutaondoka. Tuma wasichana waulize wasichana, na muende mchana ama jioni mapema. Na kwa maswali ongeza hili, mara ya mwisho ulienda kwa ivent ya muziki ulirudi nyumbani aje. Nawaambia hapo mtapata dhahabu. Kuna watu wanapenda huu muziki kuniliko na hawajawahi kusikia DJ mkuu wa usiku juu yeye huanza saa nane na gari la mwisho la maana limeenda. Jarida likiniambia kuna kitu kinaanza saa tisa mchana Jumapili na kinaisha saa mbili, hilo ninanunua bila kufikiria.

Ya pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mkichukua jina na namba ya mtu lazima mumwambie mnachukua ya nini, na akikubali kwa hilo si kumaanisha mumuingize kwa grupu ya WhatsApp. Chini ya miaka 18 mnahitaji ruhusa ya mzazi. Na mashabiki wengi wa singeli na arbantone, ule mtindo wa vijana wa hapa Kenya, naowajua ni wa sekondari. So ama muombe ruhusa vizuri ama hao msichukue habari zao kabisa, msikize tu bila kuandika jina.

kinanda_usiku (mwenye uzi)

@wanjiru_hapana_simu dadangu, hiyo ya kurudi nyumbani inaingia leo leo, na maswali kwa wasichana yatashikwa na wasichana. Majina hatutachukua, namba tutachukua tu kwa mwenye anataka kuambiwa jarida likitoka, kwa karatasi tofauti na majibu yake, ndio hata hiyo karatasi ikipotea hakuna mtu anajua nani alisema nini.

Fundi, usiombe samahani. Wewe na yule dada wa 58 na mzee mmesema kitu kimoja kwa njia tatu, mnataka jarida lenye linafanya kazi. Jina la ngoma. Mkataba. Nani ni mjukuu wa nani. Mimi bado naamini mahojiano marefu yana nafasi, lakini yatakuwa na kazi ya kufanya.

Lugha je? Naona huu uzi wote umeenda Kiswahili cha Nairobi na hakuna mtu amelalamika. Shujaaz walianza 2010 na vibonzo vya Sheng, wakaweka ndani ya gazeti la Jumamosi na kwa maduka ya M-Pesa, na vijana walisoma. Mimi kwangu hapo ndio mfano, lugha ya watu na mahali watu wako tayari. Duka la vitabu si mahali wako tayari.

hojaji_mtaani

Sasa unaongea. Kwa majaribio fanya hivi, ni rahisi. Karatasi nne za A4, ukikunja katikati na kupiga pini unapata kurasa 16 za A5, inaingia mfukoni, fotokopi yoyote ya tao inafanya. Usitafute rangi. Chapisha matoleo mawili tofauti, ndani yawe sawa kila neno, lakini moja kava lake ni uso wa msanii na lingine kava lake ni orodha ya ngoma za nganya wiki hii na majina yake. Yaweke pamoja meza moja bei moja. Utaona mkono wa mtu unaenda wapi kwanza. Hapo ndio utafiti wako wote.

Alafu usikimbilie asilimia. Watu mtakaouliza ni wachache na hamkuwachagua kwa bahati nasibu, ukianza kuandika asilimia sabini wanataka hivi utakuwa unadanganya wale wa matangazo na wewe mwenyewe. Andika maneno yao venye walisema. Endelea kuuliza kila kundi hadi uanze kusikia kitu kile kile, alafu hamia kundi lingine. Na uliza pia mwenye amekataa kununua, huyo usimuache aende, muulize tu alikuwa anaenda kununua nini na hiyo pesa.

bezi_ya_58

Mwenye uzi, hiyo orodha ya ngoma za nganya nani ataitengeneza? Juu madonda hawajui majina, nimewaambia.

kinanda_usiku (mwenye uzi)

Nimefikiria hapo. Flashi zinatoka kwa ma-DJ, na ma-DJ wanajua walichoweka. So tunaanza na DJ, tunamwomba orodha ya mixi moja, tunaweka jina lake juu kabisa, na kila ngoma chini na jina la prodyuza na mtaa wake. DJ anapata jina, prodyuza anapata jina, abiria anapata jibu. Ma-DJ wakikataa, juu kuna wenye wanaficha ngoma zao ndio wasiigwe, hiyo pia ni habari ya kujua kabla hatujajenga jarida zima juu yake. Kwa hivyo swali la kwanza kwa kundi la ma-DJ ni hilo, mara ya mwisho mtu alikuuliza jina la ngoma ulimwambia?

Nahitaji watu. Nahitaji mtu wa laini ya Rongai na mtu wa Umoja, mtu anajuana na wauzaji Luthuli, na wasichana wawili wa mchana. Hakuna malipo makubwa, nauli na chakula, na jina lako ndani ya toleo la majaribio.

fundi_wa_githu

Githurai na Thika Road mimi. Na naweza kukata hivyo vipande vya sekunde thelathini viwe na sauti sawa, ndio mtu asichague kimoja juu tu kiko juu kuliko vingine. Nitumie orodha.

wanjiru_hapana_simu

Niko na rafiki anasoma mambo ya takwimu, tutakuja wawili. Jumapili mchana, si usiku.

bezi_ya_58

58 niachie mimi. Nipee hizo nakala za kurasa 16 zenye kava ya orodha, nitakaa safu ya nyuma.